Tulimngoja Asimame

Mwalimu wangu wa ukalimani alinifundisha kazi kwa filamu za Kihindi, na yeye mwenyewe hakujua Kihindi hata cha kuombea maji. Nawaambia hilo mapema, nyinyi mnaoajiriwa kortini sasa hivi, ili mjue anayeongea nanyi si profesa. Ni mama wa Mukurweini aliyesimama kando ya kizimba miaka yake yote ya kazi, leo Nyeri, kesho Karatina, mwaka mwingine karibu na nyumbani, akisema kwa sauti maneno ya watu wengine.

Juzi kijana mmoja wa kwetu, msomi, aliniita bibi kwa Kikuyu, akaniambia, "Cucu, hiyo job yako imeisha. Simu inatafsiri kila lugha." Nikamwambia aniletee hiyo simu nione kama inajua shahidi anaponyamaza ananyamaza kwa sababu gani. Alicheka. Mimi sikuwa natania.

Aliyenipokea Nyeri nilipotoka shule ni Mzee Ndirangu, mkalimani mkongwe, mwembamba, mwenye koti moja la kijivu na hasira za karibu. Siku ya kwanza aliniuliza najua lugha ngapi. Nikajibu kwa maringo kwamba najua Kikuyu, Kiswahili na Kiingereza. Akasema, "Hizo ni za kuongea. Jumamosi utakuja tuone kama unajua kusikiza."

Jumamosi mchana akanipeleka sinema. Wakati huo ukumbi wa mjini bado ulikuwa unaonyesha filamu za Kihindi, na wenye maduka ya vitambaa na ya vyuma walikuja na familia nzima, na vyakula vya kukaanga kwenye mikebe. Sisi tuliketi nyuma yao. Mzee alipenda sehemu moja tu ya filamu, ile ya korti. Wapenzi wakianza kukimbizana bustanini, yeye alilala fofofo. Wakili akivaa joho, aliamka bila kuguswa, sijui nani alikuwa akimwambia. Hakukuwa na maandishi chini ya picha ya kutueleza chochote, na hilo ndilo alilolitaka.

Tukitoka tuliingia hoteli, Mzee anaagiza chai, kisha mtihani unaanza.

"Yule mwanamke wa sari nyeupe, pale kizimbani. Alisema nini?"

"Alisema hakumuua bwana yake."

"Nani alisema?"

"Yeye."

"Hapana. Wewe ndiye uko na mdomo. Sema vile alisema."

"Sikumuua bwana yangu," nikasema, na watu wa meza ya pili wakageuka kunitazama.

"Sauti yake ilikuwa hivyo? Wewe unaongea kama mtu anaagiza mandazi. Rudia."

Ndivyo nilivyojifunza kwamba mkalimani hasemi "anasema kwamba". Shahidi akisema nimeua, wewe unasema nimeua. Akisema mimi ni mjinga, wewe unasema mimi ni mjinga, mbele ya watu wanaokujua kwenu. Msichana mwenye haya hadumu katika kazi hii, na mwenye majivuno hadumu pia.

Nilijifunza na mengine pale gizani. Niliona kwamba mwongo hujibu kabla swali halijaisha. Niliona kwamba mkono husema hapana huku mdomo ukisema ndiyo. Na niliporudi kortini Jumatatu, nikaona kwamba msema kweli wa kwetu huanzia mbali sana, kwa mvua iliyonyesha na ng'ombe aliyekuwa mgonjwa, hadi hakimu anashika kichwa. Msimkate mtu huyo. Msimfupishie. Mara nyingi lile jambo korti inalotafuta limekaa pale pale kwenye ng'ombe.

Mbele yetu aliketi Mama Hansa, mke wa mwenye duka la vitambaa, mama mnene, mcheshi, aliyechoshwa na minong'ono yetu. Siku moja Mzee alikuwa amekwisha kuamua kesi. Aliniambia kwamba muuaji ni yule mwenye masharubu, ona macho yake, ona anavyofuta jasho. Mama Hansa akageuka na mkebe wake mapajani.

"Nyinyi watu ya korti, nyinyi hapana jua kitu. Huyo hapana ua mtu. Huyo ndiyo baba yake ile kijana ya kizimba, lakini yeye naogopa kusema. Ngoja tu."

Tukangoja, na ikawa hivyo. Mzee Ndirangu alinyamaza njia nzima ya kurudi. Tulipofika kwenye geti la nyumba niliyopanga akasema, "Umeona? Ningekuwa hakimu, huyo mzee wa masharubu angekuwa ndani saa hii. Ndiyo maana sisi kazi yetu ni kufikisha tu." Hakuwahi kurudia somo hilo, na sijawahi kulisahau.

Msifikiri nilielewa mara moja. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa ambalo nyinyi mtalifanya, kwa sababu mmelelewa vizuri. Mzee mmoja wa Kieni alichoka kuulizwa swali lile lile, akamwambia hakimu kwa Kikuyu, "Hayo masikio yako ni ya urembo?" Mimi nikaona aibu, nikatafsiri, "Mheshimiwa, shahidi anaomba asikilizwe kwa makini." Mzee huyo wa Kieni alijua Kiswahili cha sokoni. Akanigeukia, "Ati nini? Mimi sikuomba. Mwambie masikio." Korti nzima ikaangua kicheko, hakimu akiwemo, na ilinibidi nimwambie mheshimiwa kuhusu masikio yake. Hakukasirika. Aliuliza swali jingine, na hilo ndilo lililofungua kesi. Kumbe tusi lilikuwa na faida, na mimi nilitaka kulizika.

Filamu zile zilikuwa zimetuharibia watu, hilo lazima nilikubali. Nimemwona mshtakiwa Karatina akisimama kila dakika na kupaza sauti, "Pingamizi, Mheshimiwa," hata wakati jina lake mwenyewe linasomwa. Kulikuwa na mwingine aliyekataa kutoka kizimbani baada ya hukumu. Tulimsihi, askari akamshika bega, naye akashikilia ubao. Nikamuuliza shida ni nini. Akasema, "Mheshimiwa hajavunja kalamu." Katika filamu nyingi za Kihindi jaji akitoa hukumu nzito huvunja ncha ya kalamu, isije ikaandika jambo kama hilo tena. Nikatafsiri neno kwa neno. Hakimu akaitazama biro yake ya plastiki, akasema, "Mwambie hii ni ya serikali." Yule mtu akaona sababu hiyo inatosha, akashuka.

Hayo yalikuwa ya kuchekesha. Sasa niwaambie la Mama Wachira, ambalo ndilo lililonifanya nikubali kuandika haya.

Mama Wachira ni jirani yangu Mukurweini, rika langu. Wanawake wa kwetu huitwa kwa mtoto wa kwanza, mimi nikiwa Mama Gathoni. Tulikuwa kikundi kimoja cha akina mama, na kila Jumapili baada ya kanisa alikuja kwangu tukatazama filamu za zamani za Kihindi. Kijana mmoja wa Kagio mwenye duka la movie alinijazia kwenye flash, zile za korti tu, kama alivyopenda Mzee Ndirangu, Mungu amlaze pema. Nilikuwa namweleza Mama Wachira ninachokielewa, na nisichokielewa nilikibuni.

Alipenda kisa kimoja kuliko vyote, nacho kiko katika filamu nyingi. Mtu asiye na hatia anasimama kortini na kusema, mimi ndiye niliyetenda. Korti inanyamaza. Halafu mwenye kosa, ambaye ameketi nyuma kabisa, hawezi kuvumilia. Anasimama, machozi yanamtoka, anasema hapana, ni mimi. Mama Wachira alikuwa akipiga makofi. "Huyo sasa amelelewa," alisema. "Huyo mama yake anaweza kulala."

Alikuwa na vijana wawili. Wachira, mkubwa, alikuwa mpole lakini mwenye mdomo. Kariuki, wa pili, alikuwa kimya, mwenye kinyongo. Kariuki alikuwa akifanya kazi kwa jirani mmoja mfugaji, akafukuzwa. Wachira naye aligombana na jirani huyo huyo pale watu wanapopeleka maziwa, kwa sababu ya ng'ombe kuingia kwenye majani ya napier, akamwambia mbele ya watu, "Siku moja utaona moshi kwako." Neno la hasira tu. Wiki haikuisha, banda la jirani likaungua jioni, wakati wa kukamua, na ng'ombe wake wawili wakafa ndani. Mtu mmoja alikuwa ameona kwa mbali mwanamume mwenye koti la Wachira, lile jekundu, akipita kwenye ua. Wachira akashikwa.

Kesi ilikuja katika korti yetu ndogo. Hakimu alikuwa mama kijana, mgeni wa sehemu zetu, asiyejua Kikuyu, lakini makini sana. Mwenzangu wa kutafsiri alikuwa likizo. Kabla shahidi wa kwanza hajaapa nilimwambia mheshimiwa kwamba naijua familia ya mshtakiwa, na jirani aliyeunguziwa namjua pia, maana ni kijiji kimoja. Akawauliza pande zote mbili kama wana shida na mimi. Wakasema hawana. Fanyeni hivyo kila mara. Sema unachokijua kabla hakijakusema wewe.

Wachira hakuwa na wakili. Mashahidi wa mashtaka walimaliza, wote wakisema koti, koti, koti. Akaitwa ajitetee, akasema alikuwa akikamua na mama yake, na kwamba anaomba mama yake aje kumshuhudia. Nami nikashukuru moyoni, kwa sababu nilijua jambo lenyewe ni jepesi. Mama angesema, jioni ile mwanangu alikuwa ameshika ndoo, nami nilikuwa namfunga ng'ombe miguu. Basi. Hakimu angempima kwa maneno hayo.

Lakini huko kwenye maziwa watu walikuwa wamemwambia Mama Wachira kwamba korti haisikizi mama wa mshtakiwa, kwamba kila mama husema mtoto wake alikuwa nyumbani. Alikuja kortini na mpango mwingine. Alikuja na Kariuki. Baadaye nilisikia kwamba alimwambia Kariuki avae shati safi, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyelipiga pasi. Kariuki alikaa benchi la nyuma, karibu na dirisha.

Mama Wachira akaapa. Wachira akamuuliza, kwa Kikuyu, "Mama, waambie jioni ile nilikuwa wapi."

Hakumjibu. Alimgeukia hakimu, akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya kanisani, "Mheshimiwa, ule moto niliuwasha mimi."

Nikasema, "Mheshimiwa, ule moto niliuwasha mimi."

Korti ilinyamaza kabisa. Nilijua pale pale anachofanya. Nilijijua pia, mimi niliyekaa naye kwenye kochi nikimweleza kisa hicho na kumwongezea chai. Hakimu aliacha kuandika. Alimwambia polepole kwamba hayo ni maneno mazito, kwamba anaweza kushtakiwa yeye, kwamba ana haki ya kupata wakili kabla ya kuendelea. Nikatafsiri yote. Mama Wachira hakuwa akinisikiliza. Alikuwa akitazama dirishani, benchi la nyuma, na uso wake ulikuwa na matumaini. Nasema matumaini kwa sababu ndiyo niliyoyaona. Hakuwa na hofu hata kidogo. Alikuwa akimngoja mtoto wake.

Kariuki alikuwa akitazama viatu vyake.

Mwendesha mashtaka akainuka nusu, akasema, "Mheshimiwa, huyu mama anacheza na korti." Hakimu akamwambia aketi. Ndipo Mama Wachira akainama kwangu. Kizimba chetu ni kidogo, shahidi na mkalimani wanakaribiana kama watu wa jikoni moja. Akaninong'oneza kwa Kikuyu, mimi peke yangu, "Mama Gathoni, mwambie angoje kidogo. Bado hajasimama."

Hapo ndipo nataka mnisikilize. Neno hilo hakulisema kwa korti. Alilisema kwa rafiki yake. Hakuna mwingine aliyesikia, na kama ningenyamaza hakuna ambaye angejua. Hakimu angeahirisha kesi, mama angelala ndani kwa kujisingizia, Wachira angerudi rumande, na Kariuki angerudi nyumbani na shati lake la pasi. Au ningetafsiri nusu, kwamba shahidi anaomba muda. Ingekuwa kweli na ingekuwa salama.

Lakini shahidi aliyeapa, akiwa kizimbani, hana maneno ya pembeni. Kila anachokisema ni cha korti, hata kama amekusemea sikioni. Mzee Ndirangu alinipigia kelele kwa jambo hilo mpaka masikio yakaniuma. Nikamgeukia hakimu nikasema kwa sauti ile ile niliyotumia asubuhi yote, "Mama Gathoni, mwambie angoje kidogo. Bado hajasimama." Kisha nikaongeza, kama inavyotakiwa, kwamba Mama Gathoni ni mimi mkalimani.

Mama Wachira alinitazama. Siwezi kuwaeleza mtazamo huo, ila nawaambia uliniuma, na sikuangalia chini.

"Nani hajasimama?" hakimu akauliza.

Nikamuuliza. Hakujibu. Hakimu akangoja, na mimi namsifu hadi leo kwa kungoja kule, maana wengine wangejaza ule ukimya kwa maswali kumi. Wachira mwenyewe, pale alipokuwa, akageuza kichwa polepole kufuata macho ya mama yake, hadi kwenye dirisha. Nadhani ndipo alipojua. Alifunika uso kwa mkono.

Kisha Mama Wachira akasema, sasa kwa sauti ya kawaida, ya nyumbani, "Kariuki, simama."

Nikasema kwa Kiswahili, "Kariuki, simama." Sauti yangu ikapita juu ya watu wote. Kila mtu aligeuka.

Hakusimama. Alikaa pale, kijana mkubwa wa miaka ishirini na kitu, mabega yamemwingia ndani, akitazama viatu. Katika filamu zote tulizotazama, hakuna hata moja iliyotuonyesha jambo hilo. Hakuna iliyotufundisha mama afanye nini mwenye kosa akikaa.

"Ni huyo," Mama Wachira akasema. "Alirudi kutoka upande wa ua akiwa na koti la kaka yake, linanuka mafuta ya taa, akalitundika kwenye msumari. Wachira alikuwa na mimi. Alikuwa ameshika ndoo. Mimi sikuwasha kitu."

Nikayasema yote, koti, msumari, mafuta ya taa, ndoo. Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Askari alikuwa amekwenda kusimama kando ya lile benchi la nyuma, bila kelele.

Mambo hayakuisha siku hiyo. Polisi walichunguza upya, jirani mwingine akakumbuka jambo, na Kariuki mwenyewe mwishowe akasema. Wachira aliachiliwa. Kesi ya Kariuki ikapelekwa kwa hakimu mwingine, Karatina, naye akakiri. Lakini kijijini nilikuwa nimekwisha kuhukumiwa. Mama Wachira alisema kwenye kikundi kwamba Mama Gathoni aliuza siri yake mbele ya watu. Kanisani alinisalimu kwa ncha za vidole. Jumapili zangu zikawa ndefu. Hata binti yangu Gathoni aliniambia kwa simu, "Mum, si ungejifanya tu hujaskia?"

"Wachira angefungwa," nikamwambia.

"Labda. Labda hakimu angejua tu."

"Angejua kupitia nani?"

Sikumwomba Mama Wachira msamaha wakati ule na sijamwomba hadi leo. Niliumia, nililia jikoni, nilimkosa kama mtu anavyomkosa dada. Lakini kuomba msamaha ni kusema ningefanya vingine, na nisingefanya. Filamu zile nazipenda bado, na ninazitetea mbele ya watoto wangu wanaozicheka. Zinaamini kwamba ukweli umekaa mahali fulani ndani ya chumba kile kile, na hapo ziko sawa. Zinapodanganya ni pale zinaposema utasimama wenyewe. Mimi nimekaa kortini muda mrefu, na ukweli niliouona ulikuwa umekaa nyuma, karibu na dirisha, mpaka mtu alipoutaja jina.

Siku hizi mna mambo mengine. Shahidi anatoa ushahidi kwa simu akiwa Chaka, jogoo anawika nyuma yake, na wewe unaona paji la uso na dari. Mwambieni aisogeze simu mikono yake ionekane. Mkimsikia mtu akimnong'oneza jibu kando, iambieni korti mmesikia nini, hata kama ni neno moja. Msione haya. Vifaa vimebadilika, lakini shahidi ni yule yule, anaogopa, na wewe ndiye mtu wa karibu zaidi aliye naye.

Sasa nimalizie. Kabla Kariuki hajahukumiwa, familia ilipewa nafasi ya kusema. Mimi nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu, niko likizo, nang'oa magugu kwenye viazi. Nikasikia pikipiki. Alikuwa Wachira.

"Mama anasema uje Karatina," akasema.

"Huko kuna mkalimani. Kijana mzuri, namjua."

"Nilimwambia hivyo. Akasema hapana. Akasema huyo mwingine atamfupishia."

Nikanawa mikono, nikabadilisha gauni, nikapanda nyuma ya Wachira. Kule Karatina yule kijana mkalimani alinipisha kwa heshima baada ya hakimu kukubali. Mama Wachira alisimama, nami nikasimama karibu naye, karibu kama siku ile. Hakunisalimu. Alianza tu, na mimi nikafuata nyuma yake, sentensi kwa sentensi.

"Mheshimiwa, watu wote huniita Mama Wachira. Huyu wa pili hakuna aliyewahi kuniita kwa jina lake. Leo nimekuja kama mama yake Kariuki. Nilimngoja asimame, hakusimama, nikamtaja mimi. Aliua ng'ombe wa watu na akamwacha kaka yake alale ndani. Kwa hivyo mfunge, sikukatazi. Lakini mimi ni mzee. Usimpe miaka itakayozidi yangu. Nataka akitoka anikute pale mlangoni, kwa sababu siku ile sikumaliza kuongea naye."

Nilisema yote. Sikuacha neno. Hakimu aliuliza kama shahidi amemaliza, nikamuuliza, akasema amemaliza. Kariuki alipewa miaka ambayo mama yake, Mungu akipenda, anaweza kuihesabu.

Nje, kwenye ngazi, watu walitupita. Nilikuwa natafuta kitambaa mkobani. Mama Wachira alisimama kando yangu akifunga vizuri leso ya kichwani, akitazama barabarani.

"Mama Gathoni," akasema, "mimi Kiswahili najua kidogo, lakini masikio niko nayo. Umesema yote vile nilisema."

"Yote."

"Lakini pale kwa neno la mlango umelia. Mimi sikulia. Hiyo umeongeza."

Nikamwambia ni kweli, hiyo niliongeza.